Kiganja cha Kushoto

Jumatatu asubuhi, katikati ya Julai,
siwezi kukunja ngumi.
Colleen ananifungulia kopo la kahawa
wala haniulizi nani alirusha jana.
Anautazama wekundu chini ya kidole cha shahada,
anasema: "Lehtola."

Ndiye. Miaka thelathini na saba, goti la kuungaunga,
mpira wake hauna kasi ya kumshtua hata njiwa,
ila unafika pale ulipotumwa,
pale pale,
kama fundi anayegonga msumari uleule
tangu siku tulizokuwa na nywele.

Sisi ni Ashtabula. Hatumo kwenye televisheni.
Uwanja una viti elfu mbili na mia moja;
mia nne vina watu,
vingine vina shakwe wa ziwani wanaongojea bisi.
Lakini usome ubao wa msimamo, tafadhali, usome taratibu:
mechi tatu na nusu nyuma ya Zanesville,
na Agosti haijaguswa.

"Nusu ya mechi ndiyo nini?" mama aliniuliza kwa simu.
Nikamwambia, ni chakula ambacho wenzetu wameshakila
na sisi bado tunakipika.
"Basi msikiunguze," akasema, akakata.

Boykin hanipigi kiganjani. Hunipiga begani, mgongoni, rohoni.
Ana miaka ishirini na moja, ametoka Mississippi na begi moja,
na kila mpira wa tatu humwendea mwamuzi,
au uzio, au mama mmoja mwenye mwavuli.
Ile miwili mingine, mpigaji huisikia tu.
Gilchrist husema na mpira kabla ya kuuachia,
huubembeleza, huuahidi mambo,
kisha unapigwa hadi maegesho ya magari
naye husimama akiutazama kama mtu aliyesalitiwa.
Montesino ni wa mkono wa kushoto, wa Baní.
Wake huja kama mdaiwa:
unauona unapita mbali, kando ya ua,
mpigaji anashusha gongo, anapumua,
ndipo unapoingia kwa mlango wa nyuma.

Wanne.
Zamu ni ya watano.
Pruitt alishuka kilimani Jumatano, raundi ya sita,
ameushika mkono wake kwa mkono wake,
kwa uangalifu, kama aliyebeba mtoto wa mtu.
Kiwiko. Daktari wa Cleveland alisema neno refu,
kisha akasema fupi: mwakani.

Kidole kimoja hakivunji chawa, wanasema.
Na vinne je?
Vinne vinaweza kushika gongo, kusaini mkataba,
kupanda ngazi hata.
Ila siku ya tano inakuja, ina tarehe, ina tiketi zilizouzwa,
na kilima kile cha udongo, inchi kumi tu,
hakikubali kusimama peke yake.

Kocha Halloran amepiga simu ligi nzima.
Hana fedha, ana adabu tu,
na adabu haimnunui mrushaji mwezi wa Julai.
Jana usiku, watu wameshaondoka,
taa zimezimwa upande wa kulia kupunguza bili,
alikuja akaketi karibu nami, mimi nikiwa na barafu mkononi.
Alinyamaza mno.
Kisha akauliza mipira mingapi huwa narudisha
kutoka pale ninapochuchumaa hadi kilimani
katika mechi moja.
Nikasema sijui. Mia na hamsini. Nani anahesabu?
"Mimi," akasema. "Na hujawahi kukosa."

Ndipo nilipoona
kwamba hautazami mkono wa kushoto,
huu uliovimba, wenye majina ya watu wote.
Anautazama wa kulia,
ambao kwa miaka kumi na miwili
hakuna aliyewahi kuuliza kama unauma.

Colleen ameweka kikombe chini.
Ananiangalia muda ambao kahawa inapoa.
Nje lori la taka linapita, linasimama, linapita.
"Siku ya tano," anasema.
"Na wewe nani atakudaka?"